Simama Kwanza, Vuta Baadaye

Ukitoka mjini Kericho kuelekea Litein, chai imeshika pande zote mbili za barabara, na siku yenye jua hukosi kuona gari limeegeshwa kando, watu wameshuka, simu ziko juu. Wanachokitaka ni kile kijani kinachoteremka bondeni kikapanda tena ng'ambo. Karibu wote hufanya jambo moja: hutanua vidole viwili kwenye skrini hadi kilima cha mbali kiijaze, wakapiga, wakaondoka. Nimeonyeshwa picha nyingi za namna hiyo. Majani yamevurugika, mistari ya michai haionekani, wachumaji wamekuwa madoa ya rangi. Mwenye picha hulaumu simu. Lakini simu hiyo ina lenzi tatu mgongoni, na iliyofanya kazi siyo aliyoidhania.

Nimekulia katika chai ya mkulima mdogo, upande wa Bureti, na kwa miaka mingi sasa napiga picha kwa simu: koito (sherehe yetu ya posa na mahari), mazishi, mikutano ya wakulima, misa, na chai yenyewe asubuhi na jioni. Kuna jambo moja nililolipata katika kazi hiyo ambalo ningependa kila mwenye simu ya lenzi nyingi alijue. Kupanga lenzi na viwango vya zumu ni kupanga mahali pa kusimama. Asiyelijua hilo, namba za kwenye skrini kwake ni mapambo.

Baba yangu mdogo ndiye aliyenitangulia. Alipiga picha Litein na Kapkatet enzi za filamu, akiwa na kamera moja na lenzi moja ya milimita 50, isiyovuta wala kurudisha. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila picha ilimgharimu mara mbili, kununua na kusafisha. Basi alikuwa anatembea. Akitaka uso, alisogea. Akitaka bibi arusi pamoja na wasimamizi, alirudi nyuma mpaka visigino viguse chai. Ukisimama mita 10 na lenzi ile, unabeba upana wa kama mita 7. Sijui kama aliwahi kupiga hesabu hiyo, ila mwili wake uliijua: alisimama mahali kabla hajainua kamera, na akishaiinua hakuhitaji kusogea tena.

Siku niliyompa simu yangu aijaribu, alibonyeza 0.5 akatikisa kichwa. Akabonyeza 1, akasema watu wamekwenda mbali. Akabonyeza 2, akanyamaza, akaanza kutembea.

"Hii ndiyo yangu," akaniambia.

Alikuwa sahihi kabisa. Lenzi kuu ya simu nyingi za sasa ni sawa na milimita 24 hivi za kamera ya filamu, na kutoka mita 10 hubeba upana wa zaidi ya mita 14. Ukizidisha 24 kwa 2 unapata 48, na upana unarudi kuwa kama mita 7. Macho ya mzee yaliitambua lenzi aliyofanya nayo kazi ujana wake wote, ingawa hapakuwa na kioo chenye namba hiyo popote kwenye simu ile.

Maana kwenye simu, 1 ni ile lenzi ambayo watengenezaji wameamua kuiita ya kawaida, na nyingine zote hupimwa kwayo. 0.5 ni lenzi pana, yenye kama milimita 12 au 13. 3 ni lenzi ya mbali, sabini na kitu. Hivyo ni vioo halisi, kila kimoja na kihisi chake nyuma. Katikati ya namba hizo hakuna kioo. Ukisimamisha zumu kwenye 2.7, simu inachukua picha ya lenzi kuu, inakata kipande cha katikati na kukitanua kijaze skrini. Hesabu yake ni kali. Picha ya megapikseli 12 ikivutwa mara 2 kwa kukatwa, zinabaki 3. Ikivutwa mara 3, inabaki moja na kidogo. Ikivutwa mara 10, kinachobaki ni kama sehemu ya nane ya megapikseli moja, na mengine yote unayoyaona ni programu inakisia jani la chai linavyopaswa kuwa.

Ile 2 ya baba mdogo ina habari yake ya pekee. Vihisi vipya vya megapikseli 48 au 50 vinaweza kusomwa robo ya katikati peke yake, na robo hiyo ina megapikseli 12 kamili. Apple walilitumia jambo hilo kwenye iPhone 14 Pro mwaka 2022, na leo simu nyingi za Android za bei ya kati zina vihisi vya ukubwa huo. Kwa hiyo simu yenye kihisi kikuu kizuri inaweza kumtosha mpiga picha wa harusi, hata kama vilivyo kando yake ni vijilenzi vya megapikseli 2, kimoja cha vitu vya karibu na kingine cha kupimia kina. Ninapoombwa ushauri na jirani anayekwenda kununua simu baada ya bonasi ya chai, namwambia asihesabu duara zilizoko mgongoni. Aulize kihisi kikuu ni cha ukubwa gani, na namba zipi za zumu zina vioo vyake zenyewe.

Jibu la swali hilo la pili linaweza kupatikana kwa kidole. Weka zumu kwenye namba yoyote, kisha funika lenzi moja baada ya nyingine ukitazama skrini. Ile inayotia giza ndiyo inayopiga. Jaribio hili halihitaji programu wala fundi, na limenionyesha mengi kuliko karatasi yoyote iliyokuja ndani ya boksi.

Lilinifaa zaidi jioni moja kwenye kituo cha kununulia chai. Majani mabichi hayalali; lazima yafike kiwandani siku ileile, na lori likichelewa foleni huingia gizani chini ya paa la mabati. Nilikuwa nampiga karani akiandika kilo, nimesimama nje ya nguzo, zumu iko 3. Picha zilitoka na chengachenga, wino haukusomeka. Nikafunika lenzi ya mbali. Skrini haikubadilika hata kidogo. Nikafunika lenzi kuu, giza likaingia. Skrini iliendelea kuandika 3, na kazi ilikuwa inafanywa na 1 iliyokatwa.

Sababu ipo, na ni ya haki. Tundu la lenzi kuu kwenye simu nyingi ni kama f/1.8, na la lenzi ya mbali ni kama f/2.8. Namba ikipanda, tundu limepungua. Hiyo ya pili hupitisha chini ya nusu ya mwanga wa ile ya kwanza, na kihisi chake kwa kawaida ni kidogo zaidi. Mwanga ukipungua, simu inaamua yenyewe kwamba kipande cha lenzi nzuri kina nafuu kuliko picha nzima ya lenzi yenye njaa ya mwanga. Hufanya hivyo pia ukikaribia kitu kuliko lenzi ya mbali inavyoweza kulenga. Sipingi uamuzi huo, maana mara nyingi simu inajua inachofanya. Ninachodai ni kuambiwa. Baadhi ya watengenezaji wameanza kumpa mtumiaji uamuzi: Samsung wana programu ya ziada iitwayo Camera Assistant yenye swichi ya kuzuia lenzi zisibadilishane zenyewe, na Google waliweka uchaguzi wa lenzi kwa mkono kwenye Pixel 8 Pro mwaka 2023. Kwa simu zisizo na swichi hiyo, dawa ni ileile ya baba mdogo. Jioni ile niliingia chini ya paa, nikamwomba karani nafasi, nikarudisha zumu kwenye 1. Kilo zikasomeka.

Jambo lililobadilisha kabisa jinsi ninavyopanga namba hizi nilifundishwa na mama mmoja mzee, jirani yetu, ambaye kijiji kizima tunamwita Kogo, yaani bibi. Alikuwa anachuna, kikapu mgongoni. Mimi nilikuwa njiani, nimeinua simu.

"Huko njiani unampiga nani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Wewe, Kogo, kama utaniruhusu."

"Ruhusa inaombwa kutoka huko? Ingia tusalimiane."

Nikapita kati ya mistari, nikamwamkua, "Chamgei, Kogo." Akaitikia, "Chamgei mising," akaniuliza habari za mama yangu, kisha akakubali. Nilimpiga kwa 0.5 nikiwa karibu sana, halafu kwa 1 nikiwa umbali wa mkono, halafu nikarudi hatua moja na kumpiga kwa 2. Nikamwonyesha zote tatu. Kwenye ya kwanza mkono wake wenye majani ulikuwa mkubwa kuliko kichwa. Kwenye ya pili aliikazia macho.

"Pua hii si yangu."

Ya tatu akaishika simu mwenyewe, akaitazama kwa muda. "Huyu ndiye mimi. Hii utanipelekea kwa kijana wangu Nairobi."

Uso ulikuwa na ukubwa uleule kwenye picha ya pili na ya tatu. Kilichotofautiana ni umbali. Pua iko mbele ya masikio kwa sentimita kadhaa. Ukisimama nusu mita kutoka kwa mtu, sentimita hizo ni sehemu kubwa ya umbali wote, kwa hiyo pua inakua na masikio yanakimbia nyuma. Ukisimama mita mbili, tofauti karibu haipo, na uso unatulia jinsi tunavyouona tukikaa na mtu kwenye kochi. Lenzi haikumfanya chochote Kogo. Ni miguu yangu. 2 ilinifaa kwa sababu ilinilazimisha kurudi nyuma ili uso wake uenee, na huko nyuma ndiko uso unakopigwa vizuri.

Tangu hapo namba zangu za zumu ni majina ya mahali. 2 ni hatua mbili hadi tatu kutoka kwa mtu: uso, wazee wawili wakizungumza, bibi arusi chini ya hema. 1 ni ndani ya shughuli yenyewe, karibu na mikono: vidole vikikata majani mawili na chipukizi, mursik, maziwa yetu ya mgando, ikimiminwa. 3 ni upande wa pili wa uwanja, siku ya koito, ambapo kusogea kungekuwa kuingilia maneno ya wazee. Na 0.5 naitumia kwa vitu visivyo na nyuso. Katika picha ya pamoja ya harusi sitaki hata kuigusa, maana waliosimama pembeni hutanuliwa, na kwa desturi yetu pembeni ndipo wanaposimama mama wakubwa na shangazi, watu ambao hawastahili hata kidogo kufanyiwa hivyo. Afadhali nirudi nyuma hadi kwenye ua.

Pahali pamoja ambapo 0.5 haina mpinzani ni ndani ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Kericho, lililowekwa wakfu mwaka 2015 kwa ramani ya John McAslan + Partners wa London. Paa lake linapanda kutoka mlangoni kuelekea altare, zege na mbao zikifuatana hadi juu, na hakuna lenzi nyingine inayolimeza lote. Sharti lake ni moja: simu isimame wima kabisa. Ukiiinamisha nyuzi chache tu kuelekea juu, kuta zote zinaanguka kwa ndani.

Vilima vina sheria nyingine. Wale wanaosimama barabarani hawakukosea kutaka kuvuta, kwa sababu lenzi ya mbali ndiyo inayovipanga vilima kimoja juu ya kingine, chai, miti ya kukinga upepo, chai tena, hadi msitu wa Mau kwa nyuma. Vyote viko mbali, na tofauti ya umbali kati yao inapungua machoni. Lakini wasimame kwenye namba yenye kioo. Kama simu yao ina 3, wapige kwa 3 kisha wakate nyumbani wakiona haja. Na wachague saa. Ukungu wa asubuhi huku juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, unapendeza kwa lenzi pana, ila lenzi ya mbali inatazama kupitia hewa nyingi zaidi na kila tone la maji lililoko humo linafifisha rangi. Mimi hungoja mvua ya mchana inyeshe ipite. Katika ile nafasi fupi kabla ya wingu linalofuata, hewa imeoshwa, na mistari ya wachumaji kwenye kilima cha ng'ambo inaweza kuhesabika.

Kwa mkulima, hata hivyo, picha muhimu kuliko zote ni ya jani moja. Kericho na Bomet hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi, na kila ikipita watu hutuma picha za hasara kwa afisa wa ugani kupitia WhatsApp. Hutumwa pia majani ya njano, majani yenye madoa, michai inayokauka. Hapa simu ina mtego. Ukikaribia jani, baadhi ya simu hurukia lenzi pana zenyewe kwa sababu ndiyo inayoweza kulenga karibu, na rangi hubadilika papo hapo. Kila lenzi ina kioo chake na kihisi chake, na watengenezaji hawafaulu kuzilinganisha kabisa. Nimeliona hili wazi kwenye chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo watafiti wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011: jani lilelile, dakika ileile, lenzi kuu inalionyesha zambarau na lenzi pana inalisogeza kwenye kahawia. Sasa afisa ataamuaje kama unjano anaouona ni upungufu wa mbolea au ni lenzi? Nawaambia wakulima wazime kuruka huko kama simu inaruhusu, kisha warudi nyuma kidogo, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kupiga kwa 2. Jani linaonekana wazi, rangi ni ya lenzi kuu, na kivuli cha simu hakiliangukii. Tena wapige kwa kamera ya simu yenyewe ndipo watume, badala ya kufungua kamera iliyomo ndani ya WhatsApp, ambayo kwenye simu nyingi haizifikii lenzi zote.

Kuhusu kufikia lenzi zote, nimekaa sana na vijana wa maduka ya simu mjini Kericho. Android 9, mwaka 2018, ndiyo iliyofungua njia ya programu kuzitumia lenzi kadhaa kama kamera moja, na Android 11, mwaka 2020, ikawapa waandishi wa programu kipimo cha zumu kinachoweza kushuka chini ya 1. Lakini mtengenezaji wa simu bado ndiye anayeamua mlango upi aufungue kwa programu za wengine. Wapo vijana wanaoweka nakala za programu ya kamera ya Google na kuzijaza kwa mkono namba za utambulisho wa kila lenzi. Lenzi kuu ya nyuma kwa kawaida ni namba 0, ya mbele ni 1, na kuanzia 2 kwenda juu kila simu ina mpango wake, kwa hiyo kijana anajaribu namba moja moja mpaka ile pana itokee. Nawaheshimu kwa subira hiyo.

Sehemu wanayoiharakisha ni kipimo cha zumu cha kila lenzi. Kikiwekwa vibaya, picha inaruka unapovuka kutoka kioo kimoja hadi kingine, na namba inadanganya. Kwa hili ninatumia ukuta. Nasimama mita mbili kutoka kwenye ukuta wa ghala, naweka alama za chaki mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia wa kile kinachoonekana kwenye 1, napima kati yake. Kwenye 2 upana huo uwe nusu, kwenye 3 uwe theluthi, kwenye 0.5 uwe mara mbili. Usipolingana, narekebisha kipimo hadi chaki zikubali.

Kuna wanaotaka niwafungulie 10, 30, na hizo namba kubwa zaidi. Nawaonyesha zilipo, na nawaambia ninavyofikiri. Katika mashamba makubwa ya Kericho mashine za kuchunia zimechukua kazi ya watu wengi, na wale ambao bado wanachuna kwa mkono hupigwa picha kutoka barabarani na wapita njia wasiowajua na wasiowasalimu. Uvutaji huo wa mbali hauleti majani, hauleti uso, na hauleti jina. Mtu akiwa umbali wa 30, hujaomba chochote.

Wiki za karibuni wanawake wa kituo chetu wameanza kupiga picha za mizani kila wanapopimiwa, ili kilo za kwenye risiti zisije zikabishaniwa mwisho wa mwezi. Wameniomba niwapangie simu zao kwa ajili hiyo, na kazi hiyo inanifurahisha kuliko harusi yoyote. Zumu kwenye 1, hatua moja kutoka kwenye mizani, waguse tarakimu kwenye skrini na washushe mwanga kidogo, kwa sababu taa za tarakimu huunguza picha gizani. Mchana wapige mara mbili au tatu mfululizo: taa hizo huwaka na kuzimika kwa kasi, na picha iliyopigwa haraka sana inaweza kupoteza kipande cha 8 kikasomeka kama 6.